Mguu Mzima wa Mama

Juzi nilikuwa nakatiza uchochoroni kwa jirani yangu hapa Iringa mjini, mikono imejaa mboga, nikakutana na harufu ya mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto. Nikasimama palepale. Nyie mliokua miaka yetu, kwenye nyumba ambazo kila maumivu yalianzia jikoni kabla ya kufika zahanati, mnaijua harufu ile. Ni nzito, ina uchungu fulani, na ikikamata sweta haitoki siku tatu. Mlango wa jirani ulikuwa wazi. Ndani mtu analalamika "taratibu, taratibu jamani," na mwingine anamwambia anyamaze, mguu ulioteguka hauchuliwi kwa kubembelezwa. Kwa umbea wangu nilitaka kuingia niulize ni mguu upi, umeanza lini, na je, kuna mtu aliyebonyeza mfupa? Nikajizuia. Nilifika nyumbani nikaacha mchicha bila kuuchambua, nikakaa kwenye kigoda nikitazama kiganja changu cha kulia, maana kuna wakati mkono huu ulikuwa na kazi yake rasmi mtaani.

Tulikuwa tunakaa vilimani, juu ya Mbalizi, mahali ambapo asubuhi za mwezi wa sita unaamka unakuta ukungu umefika mpaka mlangoni. Baba alikuwa mtu wa Iringa na mama mtu wa hukuhuku Mbeya. Mimi nilizaliwa pacha. Mwenzangu hakukaa. Tulikuwa bado wachanga, tuko kwa wazazi wa baba kule Iringa, akaugua siku chache akafa, akazikwa hukohuko. Baada ya hapo wazazi wangu wakahamia Mbeya, mimi nikiwa mgongoni peke yangu. Siwezi kusema namkumbuka. Nilimjua kwa neno moja la mama: mwenzako. "Mwenzako alikuwa halii hovyo kama wewe." "Mwenzako alikuwa na nywele nyingi." Basi, hapo hapo. Nikiuliza swali la pili, mama alikumbuka ghafla kuwa kuna kitu kinaungua jikoni.

Sasa mtaani kwetu watu waliamini pacha ana mkono. Mtu akiteguka mguu, kabla hajafikiria hospitali, anatafutwa pacha amchue. Na pacha aliyefiwa na mwenzake, walisema, huyo ndiye hasa, kwa sababu ana nguvu za watu wawili kwenye mwili mmoja. Pacha mwingine alikuwa mbali, ng'ambo ya bonde, tena mlevi. Kwa hiyo tangu nikiwa na miaka kama mitano, mtu akiteleza mtoni, akikanyaga vibaya kwenye tuta, akirushiwa daluga uwanjani, nilisikia naitwa kutoka njia panda: "Pachaa! We Pacha, njoo huku!" Jina langu la ubatizo walilijua wachache.

Utaratibu ulikuwa huu. Naletewa kigoda, mgonjwa anakaa mbele yangu, mguu wake unawekwa mapajani mwangu. Maji ya moto yenye chumvi kwanza, kisha mafuta ya nyonyo yaliyopashwa kwenye kijiko juu ya makaa. Nachua kwa mkono wa kulia kutoka kwenye kifundo cha mguu kuja vidoleni. Wanaume wazima walikuwa wanauma shati mbele yangu. Nikimaliza napewa yai la kuchemsha au kipande cha muwa, naenda zangu. Wengi walipona. Leo najua wangepona hata kama ningewaimbia tu, ila wakati ule kila aliyepona aliongeza sifa, na sifa, jamani, mtoto anazila kuliko mayai.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Sikuridhika kuambiwa nina mkono, nilitaka kujua mkono unafanyaje kazi. Nikaanza kuuchunguza. Nikaunusa, nikaulinganisha rangi na wa kushoto, nikautazama kwenye jua kwa kubana vidole. Siku moja nimejilaza nje kwenye majani, nimeweka vidole chini ya kiganja cha mkono huo, pale kwenye kifundo, nikasikia kitu kinagonga. Tu, tu, tu. Kidogo kidogo, lakini hakiachi. Nilikaa wima moyo unanienda mbio, na huko ndani nako kukaanza kugonga haraka haraka, kana kwamba kuna mtu ameshtuka pamoja na mimi. Nikaelewa yote. Mwenzangu hakuzikwa Iringa. Yumo humu.

Hee, haikunijia hata siku moja kugusa mkono wa kushoto. Kwa nini nimtafute mtu chumba cha pili wakati nimeshamsikia cha kwanza? Tangu hapo nikaanza kuutunza mkono wa kulia kama mgeni. Sikuunawisha kwa maji ya baridi asubuhi. Sikumpiga nao mtu, hata aliyestahili. Usiku wa baridi kali niliuvalisha soksi ya baba, na mama aliponiuliza nilimjibu tu kwamba mkono unaona baridi. Alinitazama kidogo, akanifunika blanketi. Nilikuwa namhadithia mwenzangu habari za shule kwa kunong'ona, halafu naweka kidole nisikilize anasemaje.

Mambo yaliharibika kwa Mama Tumpe.

Mama Tumpe alikuwa jirani yetu wa ukuta wa pili, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Aliteleza akitoka kuchota maji, mguu ukaingia chini yake. Nikaitwa. Nilimchua siku ya kwanza akapiga kelele. Siku ya pili akapiga kelele zaidi, kifundo kimejaa hakina umbo. Siku ya tatu nilipogusa tu mfupa wa nje alizirai, na akina mama wakanimwagia mimi maji badala yake, kwa kuchanganyikiwa. Wakambeba kumpeleka hospitali. Akarudi na mguu mweupe mgumu hadi gotini, ile plasta wanayoiita hogo, na maneno. Alisema daktari kamwuliza, "Ni nani huyu aliyekuwa anausugua mfupa uliovunjika?" Naye akajibu, "Ni pacha wetu," na daktari akaweka kalamu chini.

Nilisimama mlangoni kwake nimeshika mkono wangu kwa nyuma. Nilitaka kusema samahani, ila Mama Tumpe hakuonekana kuwa na hasira na mimi. Ilikuwa mbaya kuliko hasira. Aliniita, akaniambia nipanue mdomo, akaangalia meno yangu. Ya mbele juu yalikuwa yametoka mawili, na jipya moja limeanza kuchungulia.

"Si nilisema?" akawaambia waliokuwepo. "Mkono wa pacha unaondoka na meno ya utoto. Huyu umeshamwishia. Yule mwenzake kaondoka."

Akanipa kipande cha muwa, cha kuagana nadhani. Nilikitupa njiani. Niliweka kidole kwenye mkono nikasikia bado anagonga, lakini kwa mara ya kwanza sikuwa na uhakika. Labda alikuwa anafunga mizigo. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo sikuitwa na mtu, na kila jino lililolegea nililishikilia kwa ulimi lisitoke. Sikumwambia mama. Ningemwambiaje kwamba mwenzangu anaondoka mara ya pili?

Ikawa hivyo mpaka msimu wa kuvuna viazi. Baba alikuwa ameshuka Idodi, kwao Iringa, kuvuna mpunga, tuko wawili nyumbani. Mama alikuwa anatoka shambani na ndoo ya viazi kichwani, mimi mbele yake na jembe. Mafuko walikuwa wametoboa shamba zima kwa chini mwaka ule. Unaona ardhi nzuri, kumbe ndani kuna handaki. Nikasikia viazi vinamwagika. Nilipogeuka mama yuko chini, mguu wa kulia umezama kwenye shimo la fuko mpaka juu ya kifundo, unyayo umejikunja kwa ndani. Hakulia. Alisema tu, "Okota viazi," kwa sauti ambayo haikuwa yake.

Tulifika nyumbani yeye akiegemea mpini wa jembe. Nikamkalisha jikoni karibu na moto, na wala sikungoja kuambiwa. Nikainjika maji, nikatafuta chupa ya nyonyo. Huu ndio ungekuwa mtihani wangu, na nilijua matokeo yake ni mawili tu. Mguu wa mama ukipona, mwenzangu bado yupo. Usipopona, basi Mama Tumpe alisema kweli, na nimebaki peke yangu.

Mama akanishika mkono. "Ngoja kwanza. Mbipu shangazi yako."

Shangazi, dada yake baba, alikuwa nesi upande wa Iringa. Mwanamke mmoja mwembamba, mkali, mcheshi akitaka mwenyewe. Nikabipu, akapiga hapohapo.

"Kamwene mwanangu. Kuna nini?"

"Kamwene shangazi. Mama kategua mguu. Nataka kumchua."

"Hebu acha! Usiguse kitu! Weka simu kwa sauti, uiweke chini karibu na mguu. Wifi, unanisikia? Pole sana. Sasa nyamaza wewe, ajibu mtoto, kwa sababu wewe nakujua, utasema hauumi."

Mama akacheka kidogo huku anauma midomo. Na hapo ndipo ulipoanza mtihani wa aina nyingine kabisa, nikawa macho na vidole vya mtu aliyeko Iringa. Shangazi aliuliza mguu umepinda au umenyooka. Umenyooka. Vidole anaweza kuvichezesha? Anaweza. Umevimba wapi? Upande wa nje, mbele kidogo na chini ya lile nundu la kifundo, kama kaweka yai chini ya ngozi.

"Sasa chukua dole gumba. Ulione lile nundu la nje. Usibonyeze mbele penye uvimbe, bonyeza mfupa wenyewe kwa nyuma yake, na pale ncha inapoishia. Mtazame usoni, siyo mguuni. Anafanyaje?"

"Ananiangalia tu."

"Nundu la ndani, vilevile kwa nyuma."

"Anasema afadhali hapo."

"Shuka ubavuni mwa unyayo, upande wa kidole kidogo, katikati kuna kimfupa kimejitokeza. Bonyeza."

"Anasema unamtekenya."

"Mwambie mimi simtekenyi, niko Iringa. Bonyeza sasa pale penye yai."

"Yesu wangu!" mama alipiga kelele, na simu ikarudia kelele ileile.

"Nimesikia," shangazi akasema, na sauti yake ikalegea. "Maumivu yako kwenye nyama, hayako kwenye mfupa. Wifi, simama. Hatua nne, uchechemee sawa, lakini uukanyage."

Mama akaenda hatua nne mpaka kwenye mtungi na nne za kurudi. Nilizihesabu kwa sauti. Mimi nikamkumbuka Mama Tumpe. Yeye hakuweza kukanyaga hata hatua moja, na alipoguswa mfupa alizirai, na hakuna mtu aliyejua kwamba mguu ulikuwa unatuambia kitu. Miaka yote ile nilikuwa nachua miguu bila kuiuliza swali hata moja, mimi niliyekuwa nauliza maswali kila kitu duniani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Shangazi akatoa amri. Maji ya moto yamwagwe. Lichukuliwe taulo, lichovywe maji ya baridi, liwekwe penye uvimbe kama dakika ishirini, kisha lipumzike, kisha tena. Mbeya mwezi wa sita, maji ya mtungini yalikuwa yanauma meno, hatukuhitaji barafu. Bandeji ianzie karibu na vidole ipande juu, ibane lakini isikate damu. Mguu uwekwe juu ya mito, mama alale chali kama bibi harusi. Na siku tatu za mwanzo hakuna moto, hakuna chumvi, hakuna nyonyo, hakuna kuchua.

"Kuchua ndiyo kabisa sitaki kusikia," akasema. "Ndani kuna nyuzi zimechanika kidogo, ukizisugua unazichana zaidi na damu inavujia humo. Kesho kutwa akishindwa kukanyaga, au uvimbe ukizidi, mnakwenda hospitali, na msiniletee hadithi. Umesikia, Pacha?"

Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia kwamba mkono wangu hautakiwi.

Nikafunga bandeji kwa maelekezo yake, mara mbili nikafungua nikaanza upya. Mwisho akasema, "Sasa tuone kama hujabana mno. Vidole visiwe vya baridi. Halafu weka vidole vyako viwili juu ya mguu, katikati, uvipenyeze chini ya ukingo wa bandeji. Tulia. Unasikia kitu kinadunda?"

Niliweka vidole. Nikatulia. Tu, tu, tu.

"Nasikia," nikasema, na nusura niangushe simu kwenye makaa.

"Vizuri sana. Basi mguu uko salama. Nesi wangu huyo!" Akakata.

Mimi nilibaki nimepiga magoti. Kwa hiyo hapa ndipo mwenzangu alipohamia. Ametoka mkononi mwangu, na hakwenda mbali, ameingia kwenye mguu wa mama. Nikaukumbatia ule mguu na bandeji yake, kwa uangalifu, huku nalia kimyakimya machozi yanalowesha kitambaa nilichokifunga kwa shida yote ile.

"We, unaumia wapi?" mama akauliza.

Nikamwambia. Sijui kama mnazijua siku ambazo mtoto anafunguka kila kitu bila kupumua. Nilimwambia habari za kugonga, soksi, meno, maneno ya Mama Tumpe, na kwamba sasa mwenzangu amehama, kaja kwake, na kama shangazi hataki mguu uchuliwe basi sitamgusa tena. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukumbuka kitu chochote kinachoungua jikoni. Aligeuza uso ukutani, akakaa hivyo mpaka taulo likaacha kudondosha maji.

Halafu akasema, "Lete nyonyo."

"Shangazi kakataza."

"Amekataza mguu huu. Huu mwingine hakuutaja." Akanyoosha mguu wa kushoto, mzima, una vumbi la shambani, akauweka mapajani mwangu. "Miguu nayo ni pacha. Ukiuchua huu, mwenzake unasikia. Gusa hapo juu uone."

Nikagusa. Ulikuwa unadunda, na mdundo ni uleule. Niliwaza sana, kichwa kinaniuma kwa kuwaza. Yuko mguu wa kulia, yuko wa kushoto, na nilipojigusa, bado yuko mkononi kwangu pia. Mtu anaweza kuwa mahali patatu? Nilitaka kuuliza, lakini mama alikuwa amefumba macho, kwa hiyo nikapasha mafuta kwenye kijiko nikaanza kuchua.

Ikawa ndiyo kazi yetu kila jioni, jua likiwa bado kwenye mikaratusi. Kwanza taulo la baridi kwenye mguu mgonjwa, uko juu ya mito. Kisha mafuta kwenye mguu mzima. Nilichua taratibu kuliko nilivyowahi kumchua mtu yeyote. Mara mojamoja mama aliuliza, "Mwenzako yupo?" Naweka kidole. "Yupo." "Haya." Nilikuwa pia na uzi mweusi wa kushonea, naupitisha kwenye kifundo kilichovimba kila asubuhi na kupiga fundo mahali unapokutana. Siku mbili za mwanzo fundo lilisogea upande mbaya, nikakosa usingizi. Siku ya tatu likasimama. Ya nne likarudi nyuma, nikakimbia na uzi wangu mpaka nje nikapiga yowe, kuku wakatawanyika.

Rangi nazo! Hakuna aliyeniambia kwamba mguu wa mtu una rangi zote zile. Ulianza zambarau, rangi ikashuka mpaka kisiginoni, ikaja kijani ya majani yanayoanza kukauka, kisha njano. Shangazi kwenye simu alisema ni damu iliyovuja inaondoka, nisiogope. Siku ya nne akaruhusu mazoezi: mama akae, aandike herufi hewani kwa dole gumba la mguu. Mimi nilikuwa nasoma. Aliandika UGALI, nikapata. Aliandika ACHA UMBEA, nikapata nusu, akacheka hadi akashika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka vile siku nyingi.

Jumapili ya pili mama alivaa kitenge chake na viatu vya chini, bandeji ndani ya soksi, akatembea mwenyewe kwenda kanisani, polepole, mkono wake begani kwangu. Mama Tumpe alikuwa amekaa nje na hogo lake juu ya kiti. Akatutazama tunapita.

"Mkono umerudi!" akapaza sauti. "Pacha, njoo basi na huku, hata uguse tu juujuu."

Nilishaanza kwenda, kichwa juu. Mama akanivuta.

"Mkono wa huyu ni wa nyumbani tu sasa hivi," akamwambia kwa heshima yote. "Wewe mwachie daktari kazi yake, dada yangu. Na akiteguka mtu mwingine, aje kwanza tumbonyeze mfupa."

Watu hawakupenda, lakini walizoea. Waliokuja, nilibonyeza mifupa na kuhesabu hatua nne kama nilivyofundishwa. Wawili niliwaambia waende hospitali, na mmoja wao kweli mfupa ulikuwa umepata ufa. Sifa zikarudi, za aina nyingine. Meno yakaota yote. Kule kugonga ndani ya mkono hakukuacha, na mimi sikumhadithia tena mtu yeyote habari zake.

Nilikuja kuelewa nikiwa sekondari ya bweni, tulipofundishwa huduma ya kwanza. Mwalimu alituambia tushike mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha shingo, tuhesabu mapigo ya moyo. Wenzangu walikuwa wanahesabu. Mimi nilikuwa nimeganda, vidole viko mkono wa kushoto, naugusa hapo kwa mara ya kwanza maishani. Kumbe ni damu. Kumbe ni mimi mwenyewe. Nililia bafuni, nisiwadanganye, nililia kama niliyeletewa habari za msiba, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Nilipotulia ndipo likanijia lile swali. Kama hakukuwa na mtu mkononi, na kama maji baridi na mito ndivyo vilivyouponya ule mguu, mama aliniacha nichue mguu mzima karibu wiki mbili kwa sababu gani? Alikuwa amenidanganya ninyamaze? Nilikasirika kidogo, hasira ya mtoto wa kidato cha pili anayejua kila kitu.

Likizo ilipofika nilimkuta anamenya viazi nyuma ya nyumba. Nikachukua kisu nikakaa. Nilimenya vitatu.

"Mama, ule mguu mzima nilikuwa nauchua wa nini?"

Alijua palepale nasema mguu upi. Aliendelea kumenya.

"Ili usilie."

"Ni hivyo tu?"

Ganda la kiazi lilikuwa linashuka refu, halikatiki. Nilidhani sasa hivi atakumbuka kitu jikoni.

"Mwenzako nilimpakata siku arobaini na moja," akasema. "Baada ya hapo nilikuwa naambiwa nishukuru, nimebakiwa na mmoja. Nikashukuru. Sasa siku ile unakuja kuniambia yumo mkononi mwako, anagonga, unamvalisha soksi." Akaweka kisu chini. "Mguu wenyewe haukuwa na neno, mwanangu. Nilitaka mnishike wote wawili."